Gulio la Jumatano: Siku Nne Katikati ya Mallorca

Jumatatu usiku, melini

Mimi nimekulia penye gulio. Kijijini kwetu, milimani Usambara, wiki haikuwa na siku saba; ilikuwa na siku ya gulio na siku za kuingoja. Bibi alitoka alfajiri na tenga la peasi kichwani, ukungu bado umeukalia mlima, akarudi jua limeshapinduka na sukari, mafuta ya taa na habari. Sukari tuligawiwa kwa kijiko. Habari ndizo zilizotulisha mpaka gulio lijalo: nani kaposa, nani kafiwa, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani.

Sasa huu ni mwaka wangu wa sita Barcelona. Soko la mtaani kwangu hufunguliwa karibu kila siku, lina paa la chuma na sakafu ya vigae, na sijawahi kurudi nalo na habari ya mtu yeyote. Mwezi uliopita nilikuwa nikimweleza mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa kisiwa cha Mallorca, gulio ni kitu gani. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwetu lipo. Mji unaitwa Sineu. Kila Jumatano, tangu 1306."

Nilicheka. Halafu nikapiga hesabu: miaka zaidi ya mia saba. Nikaomba likizo.

Ni Februari, bahari imechafuka kidogo. Abiria wengi ni madereva wa malori. Wamelala hata kabla meli haijang'oa nanga. Nimenunua chai yenye ladha ya karatasi. Nalala kitini.

Jumanne

Palma, mji mkuu wa kisiwa, ilijitokeza kabla ya jua: kwanza taa, kisha kanisa kuu, limekaa juu ya ukuta wa bahari kama jahazi lililopandishwa nchi kavu. Pembeni yake iko ikulu ya wafalme iitwayo Almudaina, na jina hilo halikunisumbua, maana madina tunaijua. Kisiwa hiki kilikuwa mikononi mwa Waislamu tangu 902, na Palma yenyewe ikiitwa Madina Mayurqa, mpaka Jaume wa Kwanza, mfalme wa Aragon, alipoiteka siku ya mwisho ya mwaka 1229. Sikuja kwa ajili ya hayo, lakini yalinifuata mpaka kwenye treni.

Treni huondokea chini ya ardhi, Plaça d'Espanya. Reli ya Palma hadi mji wa Inca ilifunguliwa 1875 na ikafika Manacor miaka michache baadaye. Kipande cha baada ya Inca kilifungwa 1977, mataruma yakaota majani, na treni haikurudi huko hadi 2003. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa reli iliyoota majani inafananaje.

Nikakaa dirishani. Marratxí, Santa Maria, halafu kibao cha Binissalem. Nikainuka nusu kitini. *Bini*: banu, wana wa fulani. Nikafungua ramani nikakuta na Biniali, Biniamar, Biniaraix. Ni majina ya koo ambazo wenyewe hawapo. Baada ya 1229 wengi waliuawa, waliuzwa utumwani au walikimbilia Afrika Kaskazini, na ardhi ikagawiwa walowezi waliokuja hasa kutoka Catalonia. Kwa nini basi majina yalibaki? Nadhani mgawaji wa mashamba alihitaji kujua shamba ni lipi, na jina lilikuwa tayari lipo.

Ukipita Inca nchi inajitandaza. Wenyewe huita Es Pla, tambarare. Nilikuwa nimeahidiwa maua ya milozi, na kweli yalikuwepo, mashamba meupe na ya waridi hadi chini ya vilima. Ila katikati yake kulikuwa na milozi mingine, ya kijivu, mikavu kabisa, imesimama bila hata chipukizi moja. Nilimwuliza kijana wa kiti cha mbele. Ni bakteria, akasema, Xylella. Waligundulika kisiwani 2016. Huziba mirija ya maji ndani ya mti, ukanyauka umesimama. Akaongeza kwamba babake ameshang'oa nusu ya shamba na hajui apande nini. Tukanyamaza wote mpaka Sineu.

Mji uko juu ya kilima kidogo, nyumba za jiwe linaloitwa marès, rangi ya asali iliyoganda, madirisha yenye mbao za kijani, yote yamefungwa. Wakazi ni kama elfu nne hivi. Saa tano asubuhi sikuona hata mmoja. Niliyekutana naye kwanza alikuwa paka. Wa pili alikuwa mzee aliyenirushia neno moja tu: "Uep!" Nikadhani ananifukuza. Kumbe ndiyo salamu. Nimeitumia tangu siku hiyo kwa furaha ya mtoto aliyefundishwa kupiga mluzi.

Mama mwenye nyumba niliyofikia ni mjane wa miaka sabini na kitu. Aliniketisha kwenye meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito mpaka sakafuni, na chini ya kitambaa, kwenye miguu yangu, kulikuwa na joto. Ni jiko dogo la umeme; zamani, akasema, yalikuwa makaa. Huitwa braser. Nyumba za huku zina kuta nene zilizojengwa kupigana na jua, na baridi ya Februari ikishaingia haioni njia ya kutokea. Mtu wa Lushoto nilijisikia nyumbani.

Nikamwuliza soko liko wapi, nilione mapema.

"Idò," akasema. Neno hili wanaanzia nalo karibu kila sentensi. Mimi nimelitafsiri *basi*, na mpaka sasa halijanikatalia. "Idò, leo hakuna soko. Leo ni Jumanne."

Nikatoka hivyo hivyo kutafuta mahali pake. Chini kuna uwanja unaoitwa Es Fossar, yaani makaburini; palikuwa na lami, magari mawili na benchi. Juu kuna Sa Plaça, penye mikahawa na kanisa. Hakuna banda, hakuna vizimba, hakuna hata nguzo. Hapo nikaridhika kwamba sikudanganywa. Gulio letu nalo, siku isiyo yake, ni kiwanja cha mbuzi na watoto wa mpira.

Jioni nilizunguka ukuta wa iliyokuwa ikulu. Aliyeupa mji huu sura ni Jaume wa Pili, mfalme wa Mallorca. Mwaka 1300 alitoa amri ya kupanga miji ya ndani ya kisiwa. 1306 Sineu ikapewa soko lake. 1309 akajijengea ikulu hapa hapa, kwenye kitovu cha kisiwa. Ufalme wake ulikuwa wa muda mfupi. Mfalme wa mwisho, Jaume wa Tatu, aliuawa vitani Llucmajor mwaka 1349. Ikulu ilikuja kupewa watawa wa kike mwaka 1583, ikawa nyumba yao, yenye ukuta huo mrefu na mlango uliofungwa. Mfalme alijenga jiwe na akapiga muhuri wa siku. Jiwe limebadili mwenyeji.

Na kwa nini katikati, mbali na bahari, kwenye kisiwa? Swali hili aliniuliza mdogo wangu kwa simu usiku, akidhani watu wa kisiwa wote ni wavuvi. Bahari ya hapa ilileta wateja, lakini ilileta maharamia pia: Pollença ilivamiwa 1550, Sóller 1561. Aliyekuwa na mbegu, kondoo na mabinti alijivuta bara. Halafu kuna hesabu ya punda. Mkulima aondoke kwake alfajiri, auze, anunue, apige soga, na punda amfikishe nyumbani kabla ya giza. Mji ulio katikati ya tambarare unaipatia hesabu hiyo kila upande.

Jumatano

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niliamshwa na mlio wa vyuma kuangushwa juu ya mawe. Nikachungulia. Mtaa ulikuwa umejaa magari ya mizigo, taa za mbele zinawaka, watu wanaburuta mabomba na maturubai bila kusemezana. Nusu saa baadaye mtaa niliopita jana na paka haukuwepo tena.

Nilianza Es Fossar, penye mifugo. Kuna vizimba vya chuma vya kondoo na mbuzi, halafu matundu ya kuku, bata, sungura, kware, na ndege wadogo wa kuimba. Wazee wamesimama mikono nyuma, wanamwangalia kondoo mmoja kwa muda ambao mimi ningeutumia kununua gari. Wakimaliza wanasogea hatua mbili, wanamwangalia mwingine. Hakuna anayeuliza bei. Nilifurahi kiasi kwamba nilimpigia mama simu ya video. Kwetu ilikuwa saa nne na zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi? Mbona kuna kondoo?"

Nikamzungushia simu. Kwenye kizimba cha mwisho walikuwepo kondoo wa asili ya kisiwa, uso na miguu ya rangi nyekundu ya udongo, mkia mnene.

"Huyo ana mkia kama wa kwetu," mama akasema. "Anauzwaje?"

Nikamwuliza mwenyewe. Alitaja bei bila kunitazama, kwa sababu aliona wazi kwamba sina pa kumweka. Nikaigeuza kuwa shilingi, nikamwambia mama. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Ana mimba?"

Nikatafsiri. Yule bwana akageuka kwa mara ya kwanza, akaitazama simu, akamtazama mama yangu ndani yake, akajibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, anaweza kuzaa mwezi ujao. Mama akasema hata hivyo bei iko juu, ampunguzie. Bwana akacheka mpaka mzee wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Dakika kumi zilizofuata ndizo zilizokuwa gulio langu halisi: mama yuko mlimani Usambara, wazee wawili wako Sineu, na mimi dalali katikati nisiyepata chochote. Hawakuafikiana. Wakaagana vizuri.

Yule mzee wa jirani hakuniacha. Akanieleza kwamba zamani uwanja huu wote ulikuwa wa nyumbu na punda, na kwamba trekta ndilo lililolimaliza soko la nyumbu, tena kwa miaka michache tu. Mwana-kondoo alipimwa kwa *arrova*. Nikamwomba alirudie neno. Ni Kiarabu, ar-rub', robo: robo ya mzigo uitwao quintal. Nikamwambia sisi mpaka leo tunanunua robo ya sukari. Akalijaribu neno, "robo, robo", akaonekana kutoridhika na jinsi tulivyolitunza.

Mnyama mmoja tu nilimwona anauzwa kwa macho yangu, naye ni jogoo. Mnunuzi aliondoka naye ndani ya boksi la viatu vilivyokuwa vikubwa sana, mkia nje.

Kifungua kinywa. Hapa nina jambo la kukiri. Duka la mikate kwenye kona lilikuwa likitoa harufu tangu alfajiri, na dirishani kulikuwa na kitu kama kilemba kilichozungushwa, chepesi, kimepakwa sukari ya unga. Ensaimada. Nilikula moja nimesimama. Nikala ya pili. Nikaja kumsifia mama mwenye nyumba niliyemkuta Sa Plaça na kikapu chake, akasema utamu wake wote ni *saïm*. Nikasikia kama *shahamu*, nikauliza, shahamu ya nani? Ya nguruwe, akasema, ya nani tena? Wataalamu wa Kikatalani wanasema neno hilo asili yake ni Kilatini, si Kiarabu, kwa hiyo hata sikio langu lilikosea. Kosa lilikuwa langu. Jina lenyewe limo ndani ya jina la keki. Nilisukutua mdomo kwenye bomba la uwanjani na kuomba msamaha panapostahili. Kwa Muislamu atakayekuja: kula gató, keki ya lozi, mayai na sukari, isiyo hata na unga. Sobrassada, ile soseji nyekundu inayoning'inia kila meza, nayo ni nguruwe. Ukiwa na shaka uliza, hawachukii kuulizwa.

Kwenye saa nne mabasi ya watalii yalifika na mitaa ya juu ikabadilika. Huko ndiko ziliko filimbi za udongo ziitwazo siurell, zimepakwa chokaa na mistari myekundu na ya kijani. Mikoba ya ngozi. Vitambaa vyenye michirizi kama ndimi za moto, ambavyo kwa kweli ndivyo vinavyoitwa, vitambaa vya ndimi. Waendesha baiskeli wa Kijerumani waliovaa nguo za kubana walikuwa wanapiga picha chini ya kanisa, kwenye sanamu ya simba mwenye mbawa. Ni alama ya Mtakatifu Marko, msimamizi wa mji. Nilipiga na mimi, nisijifanye bora.

Kuna wanaosema soko limeharibika kwa sababu ya upande huu. Sikubaliani nao sana. Gulio la kwetu pia lina upande wa mitumba na simu za Kichina ambao bibi hakuujua. Kilichonisumbua ni kingine, nacho ni mizani. Kila kitu kinawekwa kwenye mizani ya kielektroniki na bei inatoka kwa gramu. Hakuna fungu. Kwetu fungu la nyanya ni nyanya sita na moja juu, na ile ya juu ndiyo unayoigombania.

Nyanya nilizipata kwa mama mmoja aliyekaa pembeni ya ukuta wa kanisa. Ni ndogo, ngozi ngumu, zimetungwa kwa uzi kwenye vikonyo vyake, kishada kizima kama shada la harusi. Ni tomàtiga de ramellet: huvunwa kiangazi, huning'inizwa darini na kudumu miezi bila jokofu. Wenyewe hukata moja na kuisugua kwenye kipande cha mkate, wanamimina mafuta ya zeituni, basi: pa amb oli, mkate na mafuta. Mkate wao hauna chumvi, nikadhani aliyeukanda amesahau, kumbe ndiyo desturi. Nikanunua kishada. Akapima. Nikaonyesha kwa mkono: niongezee kidogo basi. Akaongeza nyanya mbili, akaziweka kwenye mizani, akanidai senti arobaini.

Kikatalani kina neno *torna*, kipande cha mkate anachokuongezea mwokaji ili uzito utimie. Nilimtamkia. Akasema hiyo ni ya mkate.

Meza ya mwisho niliyosimama ilikuwa ya vikapu. Muuzaji wa kwanza alikuwa Mmoroko. Tukasalimiana assalaam alaykum, akaniambia bila kuzunguka kwamba vikapu vyake vimevuka bahari kama yeye. "Vya hapa viko kwa yule bibi, bei yake mara tatu." Bibi huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha chini, anasuka. Nilipoona mikono yake nikachuchumaa. Alikuwa na utepe mrefu wa majani ya mnyaa wa huku, mfupi usiozidi kimo cha mtoto, anausuka kwa vidole bila kuutazama, na utepe ukishakuwa mrefu hushonwa mzunguko kwa mzunguko ukawa kikapu. Wao huita *llatra*. Sisi ni *ukili*. Shangazi yangu wa Pangani amesuka ukili maisha yake yote akizungumza na majirani, na mikono yake ilikuwa hii hii. Nikamwomba bibi anipe. Nikasuka pande nne, tano. Akautazama, akafumua tatu za mwisho, akanirudishia. Nikasuka tena. Akaacha.

Sina lugha ya kutosha ya Kikatalani kusema nilichotaka kumwambia. Nikanunua kikapu kidogo kisicho na kazi.

Saa nane mchana maturubai yalishuka. Saa tisa na nusu gari la manispaa lilipita likifagia kwa maji, na jani la kabichi la mwisho likaenda na mtaro. Yule mzee wa nyumbu alikuwa amekaa kwenye benchi la Es Fossar, nikakaa naye. Akaniambia nirudi Jumapili ya kwanza ya Mei, kwenye maonyesho ya mifugo wanayoyaita Sa Fira, yaliyoanza 1318. Hapo ndipo nitaona wanyama wa kutosha. Nikamwuliza leo amenunua nini. Hakununua kitu. Anakuja kila Jumatano. Nikamwuliza, sasa umekuja kufanya nini? Akanitazama kama nilivyomtazama mtu yeyote aliyewahi kumwuliza bibi swali hilo.

Usiku nilikula kwenye *celler*, ghala la zamani la mvinyo, mapipa makubwa kuliko kibanda cha mlinzi yamepangwa ukutani, na mimi chini yake na chupa ya maji. Niliomba tumbet: viazi, pilipili hoho na biringanya za kukaanga chini ya rojo la nyanya. Biringanya huku ni *albergínia*, kutoka Kiarabu; sisi neno letu lilipitia kwa Wareno, waliolitoa hukohuko kwa Waarabu. Limezunguka bara zima kufika Tanga.

Alhamisi

Leo nimefuata wachuuzi. Inca iko karibu sana kwa treni, na Inca ni Alhamisi. Mama mwenye nyumba ameniandikia wiki nzima nyuma ya risiti: Jumatatu Manacor, Jumanne Artà, Jumatano Sineu, Alhamisi Inca, Ijumaa Llucmajor, Jumamosi Santanyí, Jumapili Santa Maria del Camí. Ndivyo magulio yetu yanavyopokezana, kijiji hiki leo, kile kesho, ili mchuuzi mmoja alishe mlima mzima na vijiji visinyang'anyane wateja.

Inca ni mji mkubwa, wa viatu. Kampuni ya Camper ilianzia hapa mwaka 1975, na ngozi unainusa kabla hujaiona. Soko lake limemwagika mitaa mingi, na siku ya leo mvua ya manyunyu iliwafanya wote wawe na haraka. Sitalielezea, ni kubwa, lina kila kitu, na miguu yangu ilichoka. Nilinunua soksi.

Lakini ilikuwa raha kuwaona. Mmoroko wa vikapu aliniona kwanza, akanipungia. Muuza jogoo hakuwepo. Mama wa nyanya alikuwa chini ya mwavuli mbele ya duka la benki.

"Uep!" nikamwambia.

Akacheka kwa sauti, akawaita wenzake wa meza ya pili wasikie. Nikarudia kwa ombi lao. Nikaomba lozi nusu kilo, za maganda. Akapima kwa gramu kama kawaida yake, akasema bei, nikalipa, akafunga mfuko. Halafu, huku anaongea na mteja mwingine, mkono wake ukaingia kwenye gunia, ukatoka na gao la lozi, ukalitumbukiza kwenye kikapu changu kisicho na kazi.

Sikushukuru kwa maneno. Kwa bibi, nyongeza ilikuwa haishukuriwi. Ukishukuru ni kama umeambiwa haikuwa haki yako.

Jioni, kwenye braser, mama mwenye nyumba alipasua lozi kwa nyundo juu ya kipande cha jiwe akinisimulia nani katika mji huu haongei na nani. Nilielewa nusu. Hiyo nusu ilinitosha.

Ijumaa

Treni ya asubuhi hadi Palma. Wanafunzi wamejaa, hakuna anayetazama milozi.

Nilikuwa na saa chache kabla ya meli, nikaingia kwenye bafu la Waarabu, moja ya vitu vichache vya Madina Mayurqa ambavyo bado vimesimama. Ni chumba kidogo chenye kuba lililotobolewa matundu ya mwanga, na nguzo kumi na mbili ambazo vichwa vyake havifanani; waliviokota kwenye majengo ya zamani zaidi wakavipanga. Mtu ukiwa umetoka kuona meza za gulio, huoni ajabu.

Melini kijana wa ukaguzi aliuliza kikapuni kuna nini. Nyanya, nikasema. Akauliza kama Barcelona hakuna nyanya.

Kishada nimekitundika jikoni, kwenye msumari wa kalenda. Leo ni wiki ya tano. Zimebaki tisa, na moja imeanza kusinyaa upande mmoja. Hiyo ndiyo ya jioni hii. Mama amepiga mara mbili kuuliza yule kondoo kazaa au bado.